Nani Alisema, na Alisemea Nini: Bwana Msa, Tippu Tip na Wazee wa Kilwa

Aghlabu wasomaji wetu huvigawa vitabu kwa mafungu, kila fungu na mahali pake. Riwaya ya upelelezi husomwa melini au kitandani, ikisha ikapewa jirani. Maisha ya mtu mashuhuri huwekwa kabatini kwa heshima. Na kitabu cha tarehe huachiwa mwanafunzi mwenye mtihani. Mgawanyo huo una sababu zake, walakini humnyima msomaji faida kubwa, kwani vitabu hivyo vyote vina shughuli moja: liko jambo lililotukia, waliolishuhudia ni wachache, na miongoni mwao wamo wenye haja ya kulificha au kulipamba, na ajaye nyuma hana budi kuyasikiliza maneno ya kila mmoja na kuyapima. Wanazuoni wa pwani walikuwa na elimu ya kazi hii kabla ya riwaya ya kwanza ya Kiswahili kupigwa chapa, maana elimu ya Hadithi za Mtume imesimama juu ya swali la nani alipokea kwa nani, na mpokezi huyo alikuwa mtu wa tabia gani. Ni rai yangu kwamba asomaye riwaya ya upelelezi kwa makini amekwisha kuifika nusu ya njia ya kusoma tarehe, na madhumuni ya makala hii ni kumwonyesha njia iliyobaki, kwa vitabu vichache vya kwetu.

Mlango wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili ulifunguliwa na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, ambaye alianza kazi katika idara ya afya, akaingia katika magazeti, akahariri Zanzibari na baadaye Mkulima hadi alipostaafu mwaka 1968. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957–58 yaliyosimamiwa na East African Literature Bureau, ikatoka kitabu mwaka 1960. Tajiri mwenye shamba ameuawa, na maiti yake imeonekana mahali panapoogopwa, penye mzimu. Basi watu wa shamba wana jawabu tayari, na jawabu hilo ni la kutisha mno hata hakuna anayethubutu kuuliza zaidi. Hapo ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum, sahibu yake.

Msomaji aliyewahi kukutana na Sherlock Holmes na Daktari Watson atawatambua mara moja wawili hawa, wala hapana aibu katika kuazima. Lililo la mwandishi mwenyewe ni siri inayotafutwa. Katika riwaya zake, tangu hiyo ya kwanza, kupita Kisima cha Giningi ya mwaka 1968 na Duniani Kuna Watu ya mwaka 1973, mpaka zile za mwisho, mzizi wa jambo aghlabu hukutwa katika nasaba: mtoto ni wa nani hasa, ndoa gani ilifungwa kwa siri, nani astahili kurithi na nani amezuiwa, na watu huficha si kwa kuiogopa serikali tu bali kwa kuichelea aibu, ambayo katika jamii ya Unguja ya wakati ule ilikuwa adhabu nzito kuliko kifungo. Bwana Msa si askari. Askari ni Inspekta Seif. Yeye ni mtu wa kusikiliza, na hulishika neno lililomponyoka mtu bila kukusudia akaliweka akiba, ili siku ya siku alitoe mbele ya wote. Hukumu yake juu ya mzimu haiji kwa dhihaka juu ya imani za watu, bali kwa kuuliza kwa upole ni nani anayefaidika watu wakiamini kwamba mzimu ndio ulioua. Swali hilo la nani anafaidika ndilo ninalomwomba msomaji alichukue aendapo katika vitabu vingine.

Waliofuata walizihamisha siri hizo mjini na mbali zaidi. Faraji Katalambulla aliandika Simu ya Kifo mwaka 1965, na ndani yake imo Dar es Salaam ya taa na simu. Elvis Musiba, kwa Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alimleta Willy Gamba, jasusi anayehangaika kwa ajili ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, jambo lililokuwa karibu mno na wasomaji wake maadamu Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapo hapo Dar es Salaam. Na Ben Mtobwa akampa umaarufu Joram Kiango. Nawapenda wote, hususa Musiba kwa kasi yake, lakini katika vitabu vyao risasi hufanya kazi ambayo kwa Bwana Msa hufanywa na masikio, na kwa hiyo humfundisha msomaji kidogo katika sanaa ya kupima maneno.

Sasa na tumpeleke Bwana Msa kwa shahidi mgumu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana bara na pwani kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830 na kufariki huko huko mwaka 1905, baada ya kuwa mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa pembe na watumwa katika nchi za Kongo ya mashariki. Uzeeni aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayatia katika herufi za Kirumi na kuyatangaza Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita, kisha W. H. Whiteley akayatoa upya hapa kwetu katika miaka ya 1950. Ni nathari ya mtu wa hesabu: frasila ngapi, deni kwa nani, nani alikwenda na bunduki ngapi, bila kujisifu kwa maneno makubwa na bila kuomba radhi kwa lolote.

Katika kitabu hicho kuna sehemu moja ambayo kila mpenda upelelezi angeisoma mara mbili. Alipokuwa akielekea Utetera, nchi yenye pembe nyingi, Tippu Tip alipata khabari kwamba zamani wanawake wawili wa ukoo wa mtawala walitekwa vitani wakapotea. Akazichukua khabari hizo, majina na vituo vyake, akazihifadhi. Na alipofika karibu na nchi ile akadai kwamba mmoja wa wanawake hao ndiye aliyekuwa bibi yake, na kwamba yeye ni mjukuu aliyerejea kwao. Mtawala mzee, Kasongo, akamsadiki, akamkabidhi utawala. Ni nasaba ya kutunga, iliyomletea mtu nchi nzima na pembe zake, na anayetueleza jinsi ilivyotungwa ni mtungaji mwenyewe, kwa utulivu kamili, kama aelezaye bei ya nguo. Je, shahidi wa namna hii asadikiwe vipi? Mimi naona kwamba katika jambo hili asadikiwe sana, kwa kuwa mtu hajisingizii hila bure. Lakini hapo hapo amekwisha kutuonya kwamba ulimi wake waweza kuunda khabari yoyote inayolipa, nasi tukifika mahali anaposimulia vita alivyoanzishiwa na wengine, au mapatano yake na Stanley ya mwaka 1876, ambayo Stanley naye ameyaandika kwa namna yake na kwa manufaa yake, lazima tusimame na kuuliza.

Lakini walio kimya katika kitabu hicho ni wengi kuliko wasemao. Watumwa wa Tippu Tip wamo kwa idadi tu. Kwa sababu hiyo sioni njia ya haki ya kukisoma isipokuwa kukiweka bega kwa bega na Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Juma Mbotela kilichotoka mwaka 1934, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waliotekwa utumwani wakaokolewa baharini na kuletwa Frere Town, makazi yaliyoasisiwa karibu na Mombasa mwaka 1875. Humo mtumwa ana jina, ana mama, ana njaa na ana hofu ya jahazi. Ni kitabu kidogo, nacho kinaegemea: shukrani zake kwa Waingereza na wamisionari ni nyingi mno, na msomaji wa leo ataona jinsi zilivyoyafunika mambo mengine ya wakoloni. Hata hivyo mwandishi aliyapokea maneno kwa watu walioonja utumwa wenyewe, na kwangu upokezi huo una thamani kubwa kuliko uzuri wa masimulizi ya mshindi.

Sayyida Salme binti Said ni shahidi wa namna nyingine. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan, akajifunza kusoma na, kwa siri, kuandika, akinakili aya za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomtia taabuni, kwani mwaka 1859, nduguye Barghash alipopanga njama dhidi ya Sayyid Majid, ndugu yao aliyekuwa akitawala, walihitaji mwenye kuandika barua, na mwandishi alikuwa yeye, msichana wa miaka 15. Mwaka 1866 alitoroka, akaolewa na Mjerumani, akawa Emily Ruete, na kumbukumbu zake zikatoka Berlin mwaka 1886. Aliziandikia wanawe kwanza, kisha Wajerumani; basi anapowaeleza maisha ya wanawake wa Kiislamu, mara nyingi huwa anajibu shutuma alizozisikia Ulaya, na utetezi wake huo nausoma kwa moyo mkunjufu. Lakini utetezi alioufanya juu ya utumwa ni wa mtu aliyehudumiwa tangu kuzaliwa, nao usipokewe.

Kwa mwenye kutaka maisha yasiyo ya ufalme, Shaaban Robert aliandika Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949, na Wasifu wa Siti Binti Saad, habari za mwimbaji aliyetoka Fumba akiuza vyungu na kufika Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Nathari ya wasifu huo ni miongoni mwa nathari bora tulizo nazo.

Tukiingia katika tarehe zenyewe, nasaba yatungoja mlangoni. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa karibu na watawala wa Usambaa, aliandika Habari za Wakilindi, zikapigwa chapa na misheni ya Magila kati ya 1895 na 1907. Mwanzo wake ni Mbega, mwindaji wa nguruwe aliyezaliwa kigego, aliyenyimwa urithi kwao Nguu kwa ajili hiyo, akakimbilia milimani, akagawa nyama, akaamua magomvi, mpaka watu wakampa ufalme. Mwandishi hakumwona Mbega. Aliyapokea kwa wazee waliokula chakula cha Wakilindi. Ila afikapo kwenye vita vya baada ya kufa mfalme Kimweri mwaka 1862, anasimulia mambo ya zama zake mwenyewe, na mwenye sikio husikia jinsi sauti inavyobadilika, ikawa na majina ya vijiji, na watu waliokosea njia, na mipango iliyoharibika.

Kadhalika Kilwa. Tarehe yake ya Kiarabu, ambayo Mreno João de Barros alichapisha riwaya yake mojawapo mwaka 1552, na ambayo nakala yake ilimfikia John Kirk huko Unguja mwaka 1877, yasema kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shirazi, na watu wake wakiwa katika merikebu saba, akakinunua kisiwa kwa nguo. Barros aongeza kwamba mama yake alikuwa Mhabeshi na ndugu zake wakimdharau kwa hilo. Nani alifaidika na Shirazi? Bila shaka wafalme waliotaka kuutenga ukoo wao na wakazi wa kale, maana machimbo ya Neville Chittick, yaliyotangazwa mwaka 1974, yalionyesha watu wakiishi Kilwa mapema zaidi. Chittick alidhani Ali ni mtu wa mnamo mwaka 1200. Lakini mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, likafukuliwa rundo la sarafu za fedha zaidi ya 2,000, baadhi zikiwa na jina la Ali, na dinari za Kifatimi zilizokuwamo zikamrudisha Ali nyuma hadi karne ya 11, karibu zaidi na walivyodai wazee. Wazee walikosea katika jambo lililowafaidi, wakapatia katika jambo lisilowapa faida kubwa.

Kwa asiyekuwa na fedha wala nafasi ya vyote hivi, naona aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, kisha asome Maisha ya Tippu Tip akiwa na kitabu cha Mbotela mkononi, sura kwa sura. Kiswahili cha Tippu Tip ni cha Unguja ya zamani, na mwanzoni kitamchosha kidogo. Ajue tu kwamba frasila moja ni takriban ratili 35, na kwamba mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, ndipo kila afikapo kwenye hesabu ya pembe aweze kupata mwenyewe hesabu ya watu waliokuwa njiani.