Unapokula na Huna Njaa

Mama amefiwa na mumewe. Matanga yamekwisha, wageni wamekwenda zao. Usiku, watoto wakishalala, anafunua sufuria, anakula kiporo cha wali na kushushia soda. Njaa hana. Asubuhi anajilaumu kuwa ni mlafi.

Ndugu msomaji, tusiharakishe kuiita hali hii dhambi. Majonzi na wasiwasi wa muda mrefu huufanya mwili utoe kwa wingi homoni iitwayo kotisoli, ambayo huongeza hamu ya vyakula vitamu na vya mafuta. Chakula hutuliza kidogo, kisha huzuni hurudi. Mazoea hayo huleta unene, na unene huongeza hatari ya kisukari na shinikizo la damu.

Tufanyeje? Kwanza, tujue tofauti: njaa ya tumbo huja polepole na hukubali chakula chochote; njaa ya moyo huja ghafla, nayo hudai kitu fulani. Pili, tusiache kula mchana, maana anayeshinda njaa hula kupita kiasi usiku. Tatu, kabla ya kufunua sufuria tungoje dakika 10, tujiulize: nina njaa, au nina uchungu? Nne, uchungu huo tumweleze mtu tunayemwamini. Anayeshindwa kabisa kujizuia, au anayejitapisha baada ya kula, amwone daktari.

Nasi wanajumuiya, tusiishie makaburini. Tumtembelee mfiwa hata baada ya arobaini, hasa jioni, tukae naye, tumsikilize.