Kusikizana Bei: Mali ya Mtumba na Desturi za Mombasa Bara

Katika vitongoji vya Mombasa vilivyo nje ya kisiwa, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi, kitu kilichokwisha kutumika hakina bei mpaka watu wawili wamekizungumza. Muuzaji hutaja bei yake akijua kwamba haitalipwa, mnunuzi naye hutaja yake akijua kwamba haitakubaliwa, na safari ya kutoka bei moja hadi nyingine ndiyo inayoitwa kusikizana. Mgeni aliyezoea bei zilizobandikwa huyaona mazungumzo hayo kuwa ni ujanja mtupu, ilhali wenyeji huyachukulia kuwa mtihani: anayekijua kitu hukipata kwa nafuu, na asiyekijua hulipia ujinga wake.

Mali yenyewe huanzia bandarini. Makontena mengi hushushwa Kipevu, katika eneo la Changamwe, ambako gati jipya la makontena lilifunguliwa mwaka 2016, na miongoni mwa shehena hizo mna marobota, yaani mafurushi ya nguo zilizobanwa na kufungwa kwa mikanda, ambayo aghalabu huwa na uzito wa kilo 45 kila moja. Tangu Kenya ilipolegeza masharti ya uagizaji bidhaa mwanzoni mwa miaka ya 1990, biashara hii imekuwa riziki ya maelfu ya kaya, na serikali ilipousimamisha uingizaji wa mitumba kati ya Machi na Agosti 2020 kwa kuhofia korona, pengo lake lilionekana waziwazi katika soko la Kongowea. Hapo sokoni robota hufunguliwa mbele ya wateja wanaosubiri. Nguo bora zinazochaguliwa mwanzo huitwa kamera, na mabaki yanayouzwa kwa mafungu mwishoni huitwa fagia. Baina ya daraja hizo mbili shati lile lile laweza kubadilika bei mara kadhaa kabla ya magharibi.

Wakati, kwa hiyo, una nguvu kuliko maneno. Mteja wa kwanza wa asubuhi ndiye anayefungua biashara, na wauzaji wengi hawapendi aondoke mikono mitupu, kwa kuwa huamini kwamba siku nzima hufuata mwanzo wake. Baadhi yao huzigusisha noti za kwanza kwenye bidhaa zilizobaki huku wakisema Bismillahi. Jioni nayo ina bei yake, hasa kwenye njia zinazoteremka kuelekea kivuko cha Likoni, ambako muuzaji hutazama saa na mnunuzi hutazama feri. Hata hivyo, hakuna anayeanza na fedha. Salamu hutangulia, kisha majina ya udugu: mzee huitwa ami au baba, mwanamke mtu mzima huitwa mama au shangazi, na kijana huitwa mwanangu hata na mtu asiyemfahamu kabisa. Majina hayo si pambo, kwani aliyekwisha kumwita mwenzake ami huona haya kumtajia bei ya dharau, na ami naye huona haya kuikataa bei ya haki.

Ustadi wa mnunuzi hudhihirika zaidi katika vyombo vya chuma, na hakuna chombo kinachouonyesha vizuri kama cherehani kongwe ya Singer. Mnunuzi anayejua kazi hatazami rangi wala maandishi ya dhahabu, kwa maana hayo hupakwa upya. Hulizungusha gurudumu taratibu kwa kiganja akisikiliza kama chuma kinakwaruza chuma, huitikisa sindano kwa vidole kuona kama nondo yake imelegea, kisha hutoa mfukoni kipande cha kitambaa, akikikunja mara mbili na kukishona ili alinganishe mshono wa juu na wa chini. Iwapo uzi wa chini umejifunga vifundo, yeye hanung'uniki. Hukiinua tu kitambaa na kukinyamazia. Kimya hicho huteremsha bei kuliko hoja yoyote. Mwisho huipapasa nambari iliyogongwa kwenye chuma, kwani nambari iliyofutwa kwa tupa haina maelezo mema.

Nyuma ya mazoea hayo yote mna sheria ya dini, kwa sababu biashara ya mwambao ilikua katika Uislamu. Muuzaji anayeijua aibu ya kitu, yaani kasoro yake iliyofichika, hupaswa kuitaja, na mtu wa tatu hapaswi kuingilia bei wakati wawili hawajamalizana, hata kama ana fedha zaidi. Wapo wasiojali, na dalali, mtu wa kati anayeishi kwa kamisheni, huwa mwepesi zaidi wa kusahau. Lakini hata yeye husahau kwa siri, jambo linaloonyesha kwamba kanuni ingali hai.

Chombo kimoja cha chuma, yaani bastola, kimekaa nje ya desturi hii. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114 ya sheria za Kenya, hakuna anayeweza kununua silaha, mpya au kuukuu, bila kuwa na cheti, wala kuiuza kama biashara bila kusajiliwa, hivyo mwenye kuitafuta bastola ya kizamani ya risasi sita kwa bei nafuu hukutana kwanza na bodi ya leseni, na ndipo akutane na muuzaji. Thamani yake haipimwi kwa ukwaruzaji wa chuma peke yake, bali pia kwa karatasi inayoiandama, na karatasi haipunguziwi bei kwa kuitwa ami. Likoni ina sababu yake ya ziada ya kutolifanyia jambo hili mzaha: usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha hapo kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikaporwa, na ghasia zilizofuata ziliwahamisha maelfu ya watu. Kwa hiyo mnunuzi yule yule anayeweza kusimama saa nzima akibishania cherehani, akinong'onezewa kwamba ipo silaha ya bei ya kutupa, haulizi hata ni ngapi. Swali la bei ni mwanzo wa kusikizana, na kwa mujibu wa desturi anayeuliza bei amekwisha kujionyesha kuwa ni mnunuzi.