Watumishi Wanaopitwa Katika Biblia

Ebedmeleki yumo katika sura ya 38 ya kitabu cha Yeremia, na wasomaji wengi humpita wakiwa mbioni kumfuata nabii. Alikuwa towashi wa Kikushi, mtu wa nchi ya mto Nile ambayo leo imo Sudan, akitumikia katika nyumba ya Sedekia mfalme wa Yuda. Wakuu walimtupa Yeremia katika shimo lisilo na maji, lenye matope matupu, naye akawa anadidimia. Mfalme alikwishawakubalia, akisema hana uwezo mbele yao. Ebedmeleki akamwendea langoni pa Benyamini, akasema waziwazi kwamba wakuu wale wametenda uovu. Alipopewa ruhusa pamoja na watu 30 wa kumsaidia, hakwenda moja kwa moja shimoni. Alipitia kwanza chini ya hazina, akachukua matambara makuukuu, akayateremsha kwa kamba na kumwagiza nabii ayatie kwapani, kamba zisije zikamchubua. Kumwokoa Yeremia kulitaka ujasiri. Kuyakumbuka makwapa yake kulitaka mtu aliyezoea kuhudumia miili ya wengine.

Wakunga Shifra na Pua, katika sura ya kwanza ya Kutoka, walikwenda mbali zaidi. Farao aliwaamuru wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Wao wakawaacha hai, na walipoulizwa wakatoa udhuru kwamba wanawake wa Kiebrania huzaa kabla mkunga hajafika. Majina ya wakunga yameandikwa, la Farao halikuandikwa.

Hapa ndipo mahubiri mengi kuhusu utumishi hukosea. Huchukulia uaminifu kuwa ni utiifu, ilhali watumishi hawa walimpinga mkubwa ili wabaki waaminifu. Kijakazi wa nyumbani kwa Naamani, katika sura ya 5 ya Wafalme wa Pili, ni mgumu zaidi kumweleza. Alitekwa na Washami akiwa mdogo, akawekwa amtumikie mke wa jemadari, kisha ndiye aliyetaja nabii wa Samaria awezaye kumponya bwana wake ukoma. Alisema maneno machache, na kitabu hakimrudii tena. Huruma yake haikuhalalisha kutekwa kwake.

Katika Agano Jipya, Tertio aliyeandika kwa mkono wake waraka wa Paulo kwa Warumi ana mstari mmoja wa salamu, na Fibi wa Kenkrea, mji wa bandari wa Korintho, ana miwili. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, ana waraka mzima unaomhusu, ingawa haumpi nafasi ya kusema. Paulo anamtaka bwana ampokee kama ndugu, na anataka jambo hilo litoke katika hiari ya huyo bwana.

Wenye watumwa walijua kuchagua mistari. Mwaka 1807 ilichapwa London Biblia ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza; habari za Waisraeli kutoka utumwani ziliondolewa.

Kisiwa cha Pemba nacho kiliujua utumwa, wa mashamba ya mikarafuu. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikaathirika kidogo tu, na kilimo cha karafuu kikazidi kuegemea huko. Aprili 6, 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitoa amri iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Lakini mtumwa mwenyewe ndiye alipaswa kwenda kuomba uhuru wake, wamiliki wakapewa fidia, na masuria wakaachwa nje hadi 1909. Paulo alimbebesha bwana mzigo wa kuamua. Amri hii ilimbebesha mtumwa mzigo wa kuomba.

Mwaka huohuo wa 1897 Marafiki wa Uingereza, Wakristo ambao wengi huwaita Wakweka, walianzisha misheni ya kazi huko Banani, karibu na Chake Chake. Watu wa dini yao walikwishapeleka ombi katika Bunge la Uingereza dhidi ya biashara ya watumwa mwaka 1783. Henry Stanley Newman alikuwa miongoni mwa waasisi wa misheni hiyo, na Theodore Burtt akaisimamia kwa miaka mingi. Walinunua shamba la mikarafuu ili kazi ileile ya kupalilia, kuchuma na kuanika ifanywe na watu huru kwa ujira. Hilo halikuwafanya wachumaji kuwa wenye shamba. Hata hivyo, ukilinganisha na yaliyotangulia, tofauti ilikuwa kubwa: asiyeridhika aliweza kuondoka.

Wapemba kwa wingi wao walibaki Waislamu, na jamaa ya Marafiki kisiwani ikabaki ndogo. Anayetafuta habari za Banani hukutana kwanza na majina ya Newman na Burtt, na ni vigumu kumpata mchumaji hata mmoja kwa jina lake.