Halali Sokoni, Haramu Uwanjani

Magazeti yetu ya Kiswahili yamezoea kuziita "dawa za kututumua misuli". Jina hilo limetupumbaza. Mtu akilisikia humfikiria mnyanyua vyuma mwenye kifua kama ukuta wa Ngome ya Yesu. Kumbe orodha ya WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni, ina kundi zima la dawa zisizo na shughuli na misuli. Kazi yake iko kichwani: kufukuza usingizi, kuzidisha umakini na kumfanya mchezaji asahau kwamba amechoka. Nyingine kati ya hizo huuzwa hapa Malindi na Kilifi mchana kweupe, kando ya njugu na bigijii.

Nazungumzia muguka na nduguye miraa.

Majani ya muguka, ambayo hutoka Mbeere huko Embu, yana kemikali iitwayo kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini. Yakishachumwa, kathinoni huanza kugeuka kuwa kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo. Ndiyo maana magari ya miraa huja mbio kama yanayofukuzwa! Kemikali hizi mbili zote zimekatazwa na WADA wakati wa mashindano. Kathini ni kosa ikizidi mikrogramu 5 katika mililita 1 ya mkojo. Kathinoni haikuwekewa kiwango. Na "wakati wa mashindano" huanza saa 5 na dakika 59 usiku wa kuamkia siku ya mchezo. Lakini kijana asijidanganye kwamba akitema saa 5 amepona. Kinachotazamwa ni kile kilichomo mkojoni, wala hakuna atakayemwuliza alitafuna saa ngapi.

Bila shaka unaukumbuka mzozo wa Mei 2024. Mombasa ilipiga marufuku muguka, na Gavana Gideon Mung'aro wa Kilifi akafuata. Rais William Ruto akasema marufuku hayo hayana nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya nchi, kisha Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha. Basi vibanda viliendelea na biashara, na vijana wengi wakaelewa kwamba jani hili halina neno. Sokoni, labda. Uwanjani kuna sheria nyingine, ile ya mwaka 2016 iliyounda ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizi, na hiyo haijali kama ulinunua kwa siri au kwa risiti.

Je, dawa hizi zinamsaidia mchezaji? Mwaka 2003 Mmarekani Kelli White alishinda mbio za mita 100 na 200 kwenye mashindano ya dunia mjini Paris. Mkojo wake ukakutwa na modafinili, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wanaopitiwa na usingizi ovyo. Mwaka uliofuata alikiri kutumia dawa nyingine pia, akafungiwa miaka 2 na medali zake zikaenda. Hivyo kasi yake huwezi kuihesabia modafinili peke yake.

Kisa kinachonitisha zaidi ni cha Tom Simpson, mwendesha baiskeli wa Uingereza. Tarehe 13 Julai 1967, katika mashindano ya kuizunguka Ufaransa, alikuwa akipanda mlima Ventoux kwenye jua kali. Alianguka, akainuliwa na kurudishwa juu ya baiskeli, akaanguka tena na kufa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Mwilini mwake kulikutwa amfetamini na pombe.

Hapo ndipo sisi wa pwani tunapaswa kutega sikio. Uchovu ni mwili kukuomba upumzike. Ukiuziba mdomo, mwili haupati nguvu mpya. Unaendelea tu kuchemka bila kukuarifu. Kathinoni huongeza mapigo ya moyo, presha na joto la mwili. Sasa mchukue kijana aliyekesha maskani akitafuna, tumbo tupu kwa sababu jani hukata hamu ya chakula, umtie uwanjani alasiri ya kaskazi, mwezi wa Februari, upepo umekufa. Kocha anayemsifu kwamba "leo ana stimu" anasifu nini?

Nawe mwanafunzi unayetafuna ili usome hadi alfajiri, sikiliza habari hii ya wacheza sataranji. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wachezaji 39 waliopewa modafinili, dawa iitwayo methilfenidati, au kafeini. Walitumia muda mrefu zaidi kufikiria kila hatua, na michezo mingi waliipoteza kwa kuishiwa na muda. Kwenye karatasi ya KCSE, msimamizi hakuongezei dakika eti kwa sababu ulikuwa unafikiri sana.

Najua utauliza: na kahawa chungu ya jioni? Hiyo kunywa. Hadi mwisho wa 2003 kafeini nyingi mkojoni ilikuwa kosa, lakini tangu Januari 2004 imeondolewa kwenye orodha, ingawa WADA bado inaifuatilia.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake ameandikiwa dawa ya umakini hospitalini, kwa mfano hiyo methilfenidati, usiikatize kwa hofu. Mwanasarakasi Simone Biles wa Marekani aliitumia kwa ruhusa, jambo lililojulikana mwaka 2016 baada ya wadukuzi kuiba rekodi zake. Ruhusa hiyo huombwa ADAK kwa fomu inayojazwa pamoja na daktari, mapema, kabla ya siku ya mashindano.