Kushuka kwa Kizazi ni Maradhi, Si Aibu

Dada zetu wa Mogogosiek, kule Bomet, huchuma chai huku kikapu kikiwalemea mgongoni. Uzazi wa mara kwa mara na mizigo mizito huilegeza misuli ya nyonga. Kizazi au kibofu kikashuka, mama akahisi uvimbe ukeni, na mkojo ukamtoka bila hiari. Wengi hunyamaza, hata Sala wakaiacha wakidhani hawana tohara. La, hasha! Mwenye udhuru huu hustanji, hujifunga kitambaa, hutawadha kila wakati wa Sala uingiapo, akasali. Kisha aende hospitali: yako mazoezi ya misuli, pete ya kuzuia kizazi, na upasuaji. Enyi waume, wapunguzieni mizigo. Wanawake wa Ansari hawakuzuiwa na haya kuuliza, nanyi ulizeni.