Milimita Nne za Penly

Unene wa bomba ni milimita 27. Ufa umelila kwa ndani hadi milimita 23. Hesabu iliyobaki kila mtu anaweza kuifanya, na mimi ndiyo iliyoninyima raha. Bomba hilo ni la kinu cha nyuklia namba 1 cha Penly, kaskazini mwa Ufaransa, na habari zake zilitoka Machi 2023. Ufa wenyewe ulikuwa na urefu wa milimita 155, karibu robo ya mzunguko wa bomba. Kwa nje huoni kitu.

Na si bomba la hivi hivi. Kinu kikipoteza maji ya kupoza, humo ndimo yanamopita maji yenye boroni ya kuokoa kiini.

Nyufa za aina hii zilianza kujulikana katika kinu cha Civaux mwaka 2021, kwenye ukaguzi wa kila miaka kumi. Vinu vikazimwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 2022 kampuni ya umeme ya EDF ikala hasara ya euro bilioni 17.9, sehemu yake kwa sababu hiyo. Hayo yameandikwa sana. Kilichonikwama ni maelezo mafupi ya wakaguzi: mshono wa kuchomelea ulio kando ya ufa wa Penly ulikuwa umerekebishwa mara mbili wakati kinu kinajengwa.

Nikayapeleka maelezo hayo kwa fundi mmoja anayechomelea mabomba ya stenlesi kwenye viwanda vya maziwa. Hakushangaa hata kidogo. Aliokota kipande cha bomba chini ya meza akanigeuzia. Mshono umepangika kama magamba ya samaki, safi kabisa. Kando yake, upana wa kidole, chuma kimebadilika rangi: dhahabu, kisha zambarau, kisha buluu. Kidole chake kikapita juu ya mshono bila kusimama, kikatua kwenye ile buluu. Hapa, akasema, ndipo pa kuogopa.

Chuma kilichoyeyuka, alinieleza, kikipoa hutaka kusinyaa, lakini bomba la huku na la kule linakishikilia. Basi kinabaki kinavuta, miaka nenda miaka rudi. Ukikwangua mshono kwa grainda na kuchomelea upya, chuma cha pembeni kinapikwa tena, kinavutwa tena, kinakuwa kigumu zaidi. Hapo kutu ya kawaida haihitajiki. Maji ya moto na huo mvuto vinatosha kufungua ufa. Eksrei je? Alicheka. Eksrei huona kipovu na tundu. Mvuto hauonekani kwenye picha, kwa hiyo mshono unapita na karatasi inapigwa muhuri.

Aliyerekebisha hamlaumu. Fundi asiyewahi kurudia mshono, anasema, hajachomelea bado. (Nami nilikuwa nimekwenda nikitafuta wa kulaumiwa.)

Lakini kwenye njia ile ya bomba la Penly, kwa umbo lake, wataalamu hawakutarajia ufa kabisa. Historia ya mshono haikuingia kwenye hesabu zao. Kwa nini?

Nilipomwambia kwamba Ufaransa ililazimika kuleta wachomeleaji karibu 100 kutoka Marekani na Kanada, kwa sababu wa kwao hawakutosha na kila mmoja ana kikomo cha mionzi anachoruhusiwa kupata, alitaka kujua jambo moja tu: mtu akifanya kazi huku muda wake unahesabiwa, mshono ukimharibikia, anaurudia yeye au anaurudia mwingine? Na nani anaandika?