MJI MDOGO ULIONUNUA VITABU KWA FEDHA ZA WOTE

Kaskazini-mashariki ya Marekani, katika jimbo la New Hampshire, uko mji mdogo uitwao Peterborough. Mto Contoocook unapita hapo. Miaka ya 1830 wakazi wengi walikuwa wakulima. Wengine walifanya kazi katika viwanda vya pamba vilivyoendeshwa kwa nguvu za maji ya mto.

Siku zile vitabu vilikuwa ghali. Maktaba zilikuwako, lakini nyingi zilikuwa za vyama. Mtu alinunua hisa au alilipa ada, ndipo akaazima kitabu. Utaratibu huo ulianza katika mji wa Philadelphia mwaka 1731. Wenye uwezo uliwafaa sana. Mtoto wa kibarua je? Yeye alibaki nje.

Sasa, ndugu msomaji, angalia fedha zilivyopatikana. Mwaka 1821 serikali ya jimbo ilianza kutoza benki kodi. Nia ilikuwa kupata fedha za kujenga chuo kikuu. Mpango huo haukutimia. Basi mwaka 1828 jimbo likaamua kuzigawa fedha hizo kwa miji, zitumike kwa shule au kwa njia nyingine za elimu.

Kuzitia zote katika shule lilikuwa jambo jepesi, wala hakuna ambaye angelaumu. Lakini mchungaji mmoja wa Peterborough, Abiel Abbot, alitaka mji uwe na maktaba. Tarehe 9 Aprili, 1833, mkutano wa mji ulikubali. Sehemu ya fedha ilikwenda shuleni. Sehemu nyingine ilinunua vitabu, navyo viwe mali ya mji mzima. Wanawake hawakuwa na kura katika mkutano ule. Hata hivyo, kuazima kulikuwa bure kwa wakazi wote.

Je, walijenga jumba? Hapana. Vitabu viliwekwa dukani, pamoja na bidhaa. Duka hilo ndilo lililokuwa posta pia, na bwana posta ndiye aliyetunza vitabu. Ilikuwa busara, maana kila mtu alifika pale kuchukua barua au kununua mahitaji. Kufikia mwaka 1837 vitabu vilikuwa 465.

Watu wa mji wa Salisbury, jimbo la Connecticut, husema wao walitangulia. Ni kweli kwamba mji wao ulitoa fedha za vitabu vya vijana mwaka 1810. Lakini maktaba ile ilianza kwa zawadi ya mtu mmoja. Ya Peterborough ilitegemea fedha za umma tangu siku ya kwanza, na kwa hiyo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya namna yake.

Mwaka 1849 New Hampshire ilitunga sheria ya kuruhusu kila mji kutoza kodi kwa ajili ya maktaba. Hakuna jimbo la Marekani lililofanya hivyo kabla yake.

Vitabu vya Peterborough vilipata jengo lao la matofali mwaka 1893, miaka 60 baada ya ule mkutano. Aliyelichora ni George Morison, mhandisi aliyejulikana kwa kujenga madaraja ya reli juu ya mito mikubwa. Jengo hilo lilipanuliwa, na kazi ikakamilika mwaka 2021. Wakazi wa mji bado huazima vitabu hapo bila malipo.